Kwa Waelekezi Wachanga wa Tamthilia Mombasa: Ukumbi Utawajibu, Acheni Nafasi

Msimu huu nimezunguka kwenye mazoezi yenu, kuanzia Tononoka hadi madarasa ya Kisauni mnayoazimwa jioni, na kila mara nimerudi nyumbani nina furaha na hasira kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa vipaji vipo, tena vingi. Hasira, kwa kuwa naona yale yale yaliyotuangusha sisi, na hakuna mtu mzima aliyekaa nanyi akawaambia. Blokingi, yaani nani asimame wapi jukwaani, mnaijua; kyu, ishara za mwigizaji kuingia zamu yake, mnazijua; taa mnajua kuzipanga hata mkiwa na balbu mbili tu. Hayo sitayagusa. Nitasema yale yanayonikosesha usingizi nikishaachana nanyi.

1. Skripti iishe kwanza. Mwigizaji hawezi kumjenga mhusika ambaye hata wewe hujui ataishia wapi. Hili halina maelezo zaidi.

2. Rudini kwenye kitu kilichowafanya mpende. Nikiwauliza kwa nini mnaandika tamthilia, wengi mnanitajia tuzo za tamasha la shule. Tamasha lina heshima yake. Limekuwapo tangu 1959 na limetulea karibu sote. Lakini mtu aliyezoea kuwaandikia majaji tangu kidato cha pili hufika utu uzima bado anawaandikia majaji, na majaji hawaji kukata tiketi Jumamosi usiku.

Mapenzi yangu mimi yalianzia harusini, Mji wa Kale, kabla sijajua kusoma. Nje wanaume walicheza kirumbizi: duara la watu, zumari, ngoma, wawili katikati na fimbo zao. Nilipenya kati ya miguu ya watu wazima nikakaa mbele. Anayepiga kwa nguvu hakuwa ndiye anayesifiwa. Sifa zilimwendea yule aliyejua kungoja mpaka duara zima limezuia pumzi, ndipo akaushusha mkono. Ndani, wanawake walikuwa na vugo, pembe zikigongwa kwa vijiti, na kwa kuwa nilikuwa bado mtoto wa kupakatwa, hakuna aliyenifukuza. Humo ndimo nilimoona kwa mara ya kwanza mtu akigeuka mtu mwingine. Jirani yetu mmoja, mpole kupindukia, alisimama akamwiga wifi wa bibi harusi kwa mwendo wa shingo tu, na chumba kizima kikamjibu kwa wimbo. Alipoketi, akawa jirani tena. Mimi nikabaki nimeduwaa.

Miaka baadaye mwalimu wetu alitusomesha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, na anakataa kutamka kwamba maji yale, dawa aliyowapa watu iwakinge na risasi, yalikuwa uongo. Hussein hakutuambia tumhukumu vipi. Darasa liligawanyika, tulibishana hadi kengele ya mwisho, tukaendelea njiani, tukaendelea ndani ya matatu mpaka utingo akaingilia naye akatoa maoni yake. Hapo nikatambua kwamba lile duara la kirumbizi linaweza kuandikwa kwenye karatasi.

Basi someni. Hussein, Penina Muhando, Farouk Topan, Said Ahmed Mohamed, Kithaka wa Mberia, Pauline Kea. Achaneni na dondoo za mtihani; someni kwa sauti, mkiwa mmesimama.

3. Ukumbi wa hapa hauna ukuta. Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu nimeona watatu kati yenu wakiwakemea waigizaji kwa kosa la kuwatazama watu waliokaa. “Usiwaangalie! Hawapo!” Nilipolisikia neno hilo nilitoka nje. Ni neno langu, nililitamka mimi, na sitaki mlipe nilicholipa.

Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya mwelekezi mmoja mgeni, kichwa kimejaa ukuta wa nne: mwigizaji aishi ndani ya chumba chake, watazamaji wachungulie. Nikaandika mchezo kuhusu nyumba ya urithi Kibokoni, warithi wanaiuza kwa siri na shangazi yao bado anaishi ndani. Nafasi ya shangazi nilimpa bibi mmoja aliyekulia kwenye ngoma za wanawake, lelemama na vugo, ambaye hakuwahi kuigiza tamthilia maishani mwake. Maneno yake aliyanakili kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari, akayashika yote kabla ya vijana wetu wenye shahada.

Katika mazoezi, alipofika pale shangazi anapogundua kuwa nyumba imeshauzwa, aligeuka akawatazama wenzake waliokaa kwenye mabenchi akasema, “Mashahidi ni nyinyi. Mumeona?” Haikuwa kwenye skripti. Wote wakaitika kwa pamoja, hata kijana wa taa. Nikasimamisha mazoezi. Nikamwambia asitazame kule, kule kuna ukuta.

“Ukuta upi?” akaniuliza. “Na wale watu?”

“Hakuna watu, Bibi.”

Alinitazama kwa muda. “Haya, mwanangu. Nitafanya utakavyo.”

Akafanya nilivyotaka. Kila alipoteleza akawaangalia watu, nilimrudisha mwanzo wa onyesho lile. Nilimwonyesha dirisha la kuchora la kutazama. Nilimhesabia pumzi. Vijana walianza kuniangalia vibaya nami nikadhani ni wivu wa sanaa.

Siku ya onyesho tulikuwa Little Theatre, kule Mnazi Mmoja. Safu za mbele zilijaa wanawake wake: dada, mawifi, wenzake wa ngoma, wamejifukiza udi hadi ukumbi mzima ukanukia. Ilipofika sehemu ile, mmoja wao akapaza sauti, “Usiwakubalie, mwenzangu!” Ukumbi ukacheka, ukamngojea. Ilikuwa kyu ambayo mwandishi yeyote angeiombea dua. Bibi akalitazama dirisha la kuchora. Akasubiri kelele zitulie. Akaendelea na sentensi yangu, neno kwa neno, bila kosa hata moja. Akaitwa tena, safari hii kwa jina lake. Akalitazama dirisha. Kisha hawakumwita tena. Walianza kuzungumza wao kwa wao kwa sauti ndogo, mmoja akatoka na mtoto, mwingine akafuata, na mchezo wangu ukaendelea hadi mwisho mbele ya watu waliokwisha kuondoka huku wamekaa.

Baada ya makofi ya adabu alinirudishia maleba, ameyakunja vizuri. Akaniambia, “Umenifanya niwanyamazie watu wangu.”

Nilimwendea nyumbani baadaye kumwomba turudie mchezo kwa namna yake. Alinikaribisha kwa kahawa na halua, tukazungumza mambo ya mji, akanisindikiza hadi mlangoni. Kuigiza alikataa. Amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na mchezo ule haukupata kuchezwa na mtu aliyeujua kuliko mimi niliyeuandika.

Ningalifikiri kidogo ningaliona. Mji huu umesimama juu ya majibizano. Muyaka bin Haji alitunga hapa Mvita mwanzoni mwa karne ya 19, na mashairi yaliruka bahari kati yake na washairi wa Lamu, hoja kwa hoja. Vyama vya lelemama vilishindana kwa mavazi na nyimbo za mafumbo, na chama kilichopigwa fumbo hakikulala kabla ya kulijibu. Juma Bhalo alipokuwa akiimba, watu waliinuka wakamwendea kumtuza katikati ya ubeti. Mtazamaji wa namna hiyo anapokaa kitini kwako, ameleta na zamu yake ya kusema. Mgeni aliyenifundisha hakunidanganya. Alinifundisha nyumba aliyojengewa yeye.

Sasa hivi ndivyo nifanyavyo. Ukurasa wa skripti yangu una upande wa kando ulio wazi, na pale ninapodhani watu watajibu naweka alama. Mazoezi hayaendi mbali kabla sijaleta watu: muuza kahawa, mama wa mahamri wa jirani, vijana wa bodaboda wanaongojea abiria nje. Nawaacha waseme. Mwigizaji anajifunza mambo matatu: kupokea, kushikilia, kurudi. Kupokea ni kumpa aliyesema jicho au neno moja. Kushikilia ni kutomkimbia mwenzako wa jukwaani, kwa sababu mwenye kyu ya pili naye anangoja. Kurudi ni kujua neno gani kwenye skripti ndilo mlango wa kuingilia tena, na mlango huo nauandika mapema, sentensi fupi inayosikika hata watu wakiwa bado wanacheka. Wapo waigizaji wanaonogewa, wakatoka na watazamaji moja kwa moja hadi mchezo ukasahaulika. Hao nawarudisha, lakini nawarudisha kwa upole, kwa sababu wana kitu ambacho hakifundishiki.

4. Msidharau setibuku. Nasikia mkisema kwamba kuzunguka shuleni mkiigiza vitabu vya mtihani ni kazi ya njaa. Ni kazi inayolipa kodi ya nyumba, na ni shule pia. Wanafunzi wa kidato cha nne wameyashika maneno kabla yako. Ukisahau, bwalo zima linakukumbusha. Mwigizaji aliyestahimili bwalo la shule ya wavulana Ijumaa alasiri, masufuria yakigongana jikoni, hatatishwa na ukumbi wowote.

5. Haki za watu. Kuna kikundi kilichotaka kucheza Mabepari wa Venisi bila kumuuliza mtu, eti Shakespeare ni wa zamani. Shakespeare ni wa zamani kweli, alifariki 1616, mtafsirini nyinyi na mcheze mpendavyo. Lakini Kiswahili kile ni cha Mwalimu Nyerere, kilichapishwa 1969, na Nyerere alifariki 1999. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na mtafsiri naye ni mwandishi. Andikeni barua, mwombe ruhusa, mtunze jibu. Na skripti zenu wenyewe zisajilini kwa Bodi ya Hakimiliki kabla hamjazituma kwa watu kwenye simu. Inaniuma sana kumwona kijana akitambua mchezo wake kwenye jukwaa la mtu mwingine.

6. Vibali. Viwe kwenye faili moja, na nakala kwa mtu asiyepanda jukwaani. Mnakumbuka ya Nakuru, Aprili 2025: wasichana wa Butere walifika kwenye tamasha la taifa na mchezo wa Cleophas Malala, Mahakama Kuu imeshaamuru waruhusiwe kuucheza, na bado mabomu ya machozi yakafyatuliwa, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Wengi wenu tangu siku hiyo mnakata maneno yenu wenyewe kabla hata ya kuulizwa. Msifanye hivyo. Andikeni lote, someni lote mazoezini, kisha tukae na wakili tuone. Mlango wangu uko wazi kwa hilo saa yoyote.

7. Mambo ya pwani ambayo kitabu hakiwaambii. Onyesho la jioni lianze baada ya Magharibi, watu wapate kuswali na wapate kukaa. Ramadhani ni ya kuandika, si ya kuuza tiketi. Waigizaji wa Likoni wana feri, kwa hiyo msiwaweke mkutanoni hadi usiku mkuu halafu mkalalamika kuwa hawana moyo. Mama Ngina na Ngome Kongwe ni mahali pazuri, ila kusi likivuma sauti inakwenda nyuma yenu. Simameni mjaribu siku ile ile, saa ile ile, na msiziamini maikrofoni za kukodi. Jenereta ijaribiwe ikiwa imebebeshwa taa zote. Mwenye kutunza propu, vile vifaa vya jukwaani, asiwe mwigizaji. Mpikieni watu chakula. Mazoezi ya njaa huzaa ugomvi.

Jumamosi niko Tononoka baada ya Adhuhuri. Njooni na skripti, upande wa kando ukiwa wazi, mje na penseli badala ya kalamu, na kila mwelekezi aje na mtu mmoja ambaye hajawahi kuingia ukumbi wa michezo. Huyo atakaa mbele.