Mkuki Ushuke: kwa mlioingia ukuta wa ngao msimu huu

Kila Aprili mazoezi ya nje ya kikundi chetu cha kuigiza vita vya kale yakianza, tunaona yale yale kwa wageni wa ukuta wa ngao, yaani safu za wapiganaji waliobana ngao bega kwa bega. Kuna aliyeshanunua deraya ya pete (vazi la vita la pete za chuma zilizofumwa) na upanga, lakini hana kanzu ya sufu wala viatu. Kuna aliyefika na kofia ya pembe. Na kuna anayechoma mkuki kwenda juu, huyo ndiye anayetunyima usingizi. Wadogo zetu, tunawapenda, ndiyo maana tunawapigia kelele. Maneno haya ni kwa tunaoigiza Uingereza ya karne ya 9 hadi ya 11, Wasaksoni wenyeji na Wavikingi waliotoka Skandinavia. Wenye vipindi vingine wachukue kinachowafaa.

1. Nguo kwanza, chuma baadaye. Nunua kwa mpangilio huu: viatu, shati la kitani, kanzu ya sufu, suruali, mkanda, kisu cha kulia chakula, bakuli la mti. Ndipo ije kofia ya chuma, ngao na mkuki. Upanga ni wa mwisho, na deraya ni ya baada ya mwisho. Mwenye kanzu safi na mkuki wa kuazima anaingia uwanjani mara akifaulu mtihani wa usalama. Mwenye upanga wa bei mbaya na suruali ya jinzi anabaki kulinda magari.

Chagua mahali pamoja na wakati mmoja, tuseme mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, wa mwaka 950, ukae hapo hapo. Pambo la kaburi la Birka, mji wa Wavikingi huko Sweden, halivaliwi na mkulima wa Wessex, ufalme wa Wasaksoni, eti kwa sababu vyote vilikuwa kwenye meza moja ya muuzaji. Polista, kitambaa cha nyuzi za plastiki, hapana kabisa, na hili si suala la historia tu: cheche ikirukia sufu huungua polepole na mara nyingi hujizimia, ikirukia polista huyeyuka na kugandia ngozi. Hizo kofia za pembe nazo zilienezwa na mavazi ya jukwaani aliyobuni Carl Emil Doepler kwa opera za mtunzi Wagner, Bayreuth, Ujerumani, 1876. Zibaki huko.

2. Ngao. Plaiwudi ya milimita 9, kipenyo cha sentimita 80 hadi 90, kitambaa kizito kimegandishwa mbele kwa gundi, kitovu cha chuma katikati na mpini wa kushika nyuma yake. Zile za meli ya Gokstad, ya Wavikingi, iliyofukuliwa Norway, zilikaribia sentimita 94, kwa hiyo usione aibu kubeba kubwa. Ukingo ndio kazi. Nenda duka la vyakula vya mbwa, nunua ile mifupa ya kutafuna iliyotengenezwa kwa ngozi mbichi, iloweke usiku kucha, ifungue, kata vipande vya upana wa sentimita 4. Toboa ngao sentimita moja kutoka ukingoni, tundu baada ya kila sentimita 2 au 3, kisha shona ngozi ingali mbichi. Ikikauka inajikaza yenyewe. Wavivu hutoboa karibu mno na ukingo, na pigo la kwanza la shoka linang'oa kipande kizima. Nyumba itanuka siku mbili. Waambie unaokaa nao mapema.

3. Mkuki. Hapa mtuvumilie.

Mgeni hupewa mkuki kwa sababu ni rahisi kuutengeneza na unafika mbali, kisha kila mtu anadhani ni silaha ya wanaoanza. Kumbe katika ukuta wa ngao hakuna kitu cha hatari kuushinda. Upanga unaonekana ukija. Ncha ya mkuki unaokuelekea moja kwa moja ni nukta tu, na hujui iko umbali gani mpaka imefika.

Kosa lenyewe huanzia mikononi. Mgeni anashika mti kiunoni, mkono wa nyuma chini, wa mbele juu kidogo, kwa hiyo ncha inapanda. Analenga kifua, na kwa kanuni zetu kifua kinaruhusiwa, basi anajiona hana kosa. Lakini mwenzake anafanya ambalo binadamu yeyote angefanya: ananyanyua ngao. Ukingo wa ngao unaubeba mti kwa chini na kuuelekeza juu, na kutoka kifuani hadi kidevuni ni kama shibiri moja. Kofia nyingi za kipindi chetu zina kinga ya pua tu. Macho yako wazi.

Ongeza sasa msukumo. Ukuta hausimami tuli, safu ya nyuma inakusukuma, na pigo ulilokusudia liishie kwenye kitambaa linabeba uzito wako na wa wawili walio mgongoni mwako. Mpinzani naye anaingia hatua moja mbele wakati huo huo. Ncha imeviringwa, ina upana wa sarafu, haina makali; yote hayo hayasaidii jicho.

Kwa hiyo mkono wa nyuma ukae juu ya ule wa mbele, usawa wa bega, ncha iteremke. Lenga tumbo, nyonga, paja. Mti ukishuka, ngao ikipanda haina cha kuubeba. Kiwiko kisinyooke hata mara moja. Aliyenyoosha mkono hana breki. Pigo ni kugusa na kurudi, mkuki si mchi wa kutwangia. Mkuki ukipigwa pembeni, urudishe nyuma kwa mstari ule ule ulioendea, usiufagie kwenda kwa jirani wa mpinzani wako, kwa maana njiani kuna nyuso tatu. Na kumbuka mkuki una ncha mbili: wanaovuta mkuki kwa nguvu hupiga meno ya rafiki aliye safu ya pili kwa kitako, halafu wanashangaa kelele zinatoka nyuma.

Zoezi ni rahisi na linachosha. Funga kamba kati ya miti miwili usawa wa chembe cha moyo, nyuma yake tundika glavu usawa wa kitovu. Piga glavu mara hamsini bila kugusa kamba. Halafu mwenzako asimame na ngao, avae barakoa ya fensi (mchezo wa vitara), ainyanyue polepole kila unapopiga, kisha haraka. Ncha ikipita juu ya kamba hata mara moja, anza upya. Tunajua mnalichukia. Tunajua pia nani hulifanya, kwa sababu ndiye tunayemweka safu ya mbele.

4. Deraya ina kilo 10 hadi 14. Fungia mkanda juu yake, kisha vuta pete kidogo zining'inie juu ya mkanda, ili uzito ushuke kwenye nyonga na kuyaachia mabega. Kuivua: inama, mikono mbele, jitikise, dunia ikusaidie. Nywele ndefu zifunike kwanza.

5. Baada ya kila pambano pitisha tupa kwenye upanga. Ubapa ukigongana na ubapa hakuna neno, ila makali butu yakigongana hutoa miiba ya chuma inayochana mikono. Unene wa makali usipungue milimita 2.

6. Jikoni. Hakuna viazi mviringo, nyanya, mahindi wala pilipili kali. Vyote vimevuka Atlantiki baada ya 1492. Samahani kwa wapenzi wa ugali, shayiri inasongeka ukiwa na moyo. Kuna kunde za Ulaya, liki (jamii ya kitunguu), kabeji, tufaha, asali, nguruwe kwa walao, samaki wa chumvi. Moto uwe kwenye sinia la chuma lenye miguu: viwanja vingi vya kale vinalindwa kisheria na hairuhusiwi kuchimba.

7. Watazamaji watauliza kama moto ni wa kweli. Jibu kwa adabu. Wengine watamuuliza mwenzetu mweusi anafanya nini Uingereza ya zamani zile. Hapo usikasirike, una majibu. Hadrian, abati (mkuu wa monasteri) wa Canterbury, Uingereza, katika karne ya 7, ameandikwa na Bede, mtawa mwanahistoria wa Uingereza, kuwa mtu wa asili ya Afrika. Na pete za pembe za ndovu kutoka makaburi ya wanawake Wasaksoni ya Scremby, Lincolnshire, zilipopimwa zilionekana ni za tembo wa Afrika. Biashara ilifika huko kabla Wavikingi hawajasikika.

8. Hema la turubai lisikunjwe likiwa na unyevu likalala hivyo wiki nzima. Litaota ukungu, nyuzi zitaoza, na madoa meusi hayatoki kwa sabuni yoyote. Mvua ikikuta mnaondoka, libebe hivyo hivyo, ila ukifika nyumbani lifungue usiku huo huo, hata kama ni kwenye ngazi au juu ya uzio wa jirani, umwombe kwanza. Vigingi vihesabiwe kabla gari halijaondoka. Mashine ya kukata nyasi ya mwenye shamba huvipata vilivyosahaulika, na mwaka unaofuata hatukaribishwi.