Ndugu Yetu wa Berlin Hatumi Kitu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ukirudi kutoka Ulaya ulikokwenda kuwatembelea ndugu, ni kitu gani cha nyumbani unachokiona kwa macho mapya?" Nadhani mlitarajia tuwaandikie habari za foleni, za umeme na za utamu wa chakula cha kwetu. Kwa upande wa chakula nitajibu upesi: nilikosa ming'oko, na niliila mara tu nilipofika Lindi. Lakini jambo lililonigusa ni lile ambalo hamkuliuliza, yaani msafiri huyo anaulizwa nini na waliobaki, na ana jibu gani la kuwapa.

Niseme mapema msimamo wangu ili msomaji ajue nilikoanzia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa Lindi, na muda wote niliofundisha nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba katika kilima cha Tendaguru hapa Lindi na kuipeleka kwao, ni wetu na lazima arudi. Nilipokwenda Berlin kumwona binti yangu, ambaye ni muuguzi huko, na wajukuu wangu, nilikuwa na safari mbili ndani ya moja: ya kuwaona watoto, na ya kwenda mtaa wa Invalidenstraße kumtazama huyo mjusi ana kwa ana.

Nilimwona. Amesimama katika ukumbi mkubwa wa Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, kimo chake ni mita zaidi ya 13, na wataalamu wanakadiria kwamba aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wakapeleka kwao tani zaidi ya 200 za mifupa, na mzigo huo wote ulitoka kilimani hadi bandari ya Lindi ukiwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Mwaka 1937 mjusi mkubwa akasimamishwa ili watu wamtazame. Nilisimama chini yake nikiwa na mjukuu wangu, ambaye alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza mambo niliyokuwa nikiyafundisha kabla mama yake hajazaliwa, nami nikamwacha aeleze.

Kilichonikera ni majina. Mjusi mmoja mdogo wa Tendaguru alipewa mwaka 1919 jina la Lettow-Vorbeck, jemadari yuleyule wa Kijerumani ambaye vita vyake vilitufikia hapa mkoani, Mahiwa, mwezi Oktoba 1917. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa kazi kule machimboni, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likatiwa kwenye jina la mjusi. Mohammadi Keranje, mwenzake wa machimboni, pamoja na kabila letu la Wamwera, alisubiri hadi 2019. Hayo niliyaandika kwenye daftari kwa ajili ya watu wa nyumbani.

Jioni ya siku niliyofika, baraza la nyumba ya mjomba wangu lilijaa watu. Mjomba ni mtu mzima sana, macho yameanza kupungua nguvu, na kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kugusa begi kabla ya yeye kumaliza maswali yake. Aliitikia shikamoo yangu, akauliza hali ya mjukuu wake, akauliza kama ni kweli baridi ya huko inaua. Kisha zawadi ziligawiwa: chokoleti zilizokuwa zimeyeyuka na kuganda upya tangu Dar es Salaam, sabuni, saa moja ambayo vijana wawili walianza kuigombea papo hapo, na koti zito la sufu ambalo binti yangu alimpelekea mjomba bila kufikiri hali ya hewa ya Lindi. Mjomba alilivaa hapohapo, katika joto lile la kabla ya mvua, na hakulivua hadi tulipoagana.

Nilianza taarifa yangu kwa majina ya mitaa. Nikawaeleza kwamba huko Neukölln, sehemu ya Berlin, barabara iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Wissmann, gavana wa Kijerumani wa enzi za ukoloni, sasa inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu Lucy Lameck, tangu mwaka 2021, na kwamba huko Wedding, sehemu nyingine ya jiji hilo, kipande cha barabara ambayo mwanzoni ilipewa jina la Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha ukoloni huku kwetu, kimekuwa Maji-Maji-Allee tangu 2024. Niliona fahari kuyasema. Wasikilizaji waliitikia kwa adabu, kama watu wanavyoitikia tangazo la msikitini linalohusu mtaa mwingine, na mtoto mmoja akasinzia.

"Na yule mjusi," mjomba akasema, "umemwona?"

"Nimemwona, Mjomba."

"Mkubwa?"

Nikamwonyesha mnazi uliokuwa uani, nikasema kichwa chake kingefika kwenye makuti. Akautazama mnazi ule kwa muda mrefu, ingawa sina hakika aliuona.

"Wanalipisha kumtazama?"

"Wanalipisha."

"Watu ni wengi?"

"Wengi, Mjomba. Watoto wa shule, na wageni wa kila taifa."

Akakaa kimya, akifungua na kufunga vifungo vya koti. Kisha akasema: "Yaani huyu kaondoka hapa kabebwa kichwani, kafika Ulaya kapata kazi, kapewa na nyumba, kila siku analipwa, miaka mia na zaidi, na nyumbani hajatuma hata senti."

Baraza zima likaangua kicheko, na mpwa wangu mmoja akadakia kwamba bila shaka ameoa hukohuko. Mjomba hakucheka. "Nauliza kwa dhati," akasema. "Mjukuu wangu yuko huko na kila mwezi anatuma. Bati hizi ni zake. Hatujamwambia arudi. Tulimwambia asitusahau. Sasa huyu mwingine, mpwa wangu, nyinyi wasomi mnamwambia arudi, arudi. Arudi afanye nini? Mwambieni atume."

Nilikuwa na hoja zangu tayari, na nilizitoa. Binti yangu aliondoka kwa hiari, akiwa na pasipoti mkononi. Mjusi aliondoka wakati watu wa kusini wametoka kupigwa katika Vita vya Maji Maji na kumalizwa na njaa iliyofuata, na mtu wa mwaka 1909 hakuwa katika hali ya kumwambia Mjerumani kwamba mzigo huu haubebeki. Hiyo naiamini hata sasa. Wala sikubali ile hoja ya kwamba hatuwezi kutunza, kwa sababu huko huko Berlin ipo mizigo ya Tendaguru iliyofungwa kwa mianzi ambayo kwa zaidi ya miaka 100 haijawahi kufunguliwa.

Hata hivyo, kadiri ninavyoandika, naona swali la mjomba linanishinda. Wabunge wa kusini wameliuliza jambo hili bungeni zaidi ya mara moja, na kila linapozungumzwa nasikia neno "Tanzania", sisikii neno "Lindi". Fuvu la Mkwawa liliporudi mwaka 1954 lilipelekwa Kalenga, kwa Wahehe wenyewe. Mjusi akirudi leo, nina hofu kwamba atashushwa bandarini Dar es Salaam na safari yake itaishia pale pale, na kwa mtoto wa shule wa Mipingo, kijiji cha karibu na Tendaguru, Dar na Berlin zinatofautiana kwa nauli tu. Nitasema basi jambo ambalo wanafunzi wangu wa zamani hawatalipenda: kama ni kurudi Dar es Salaam, abaki alipo, na alipie kukaa kwake huko, kwa barabara ya Tendaguru inayopitika masika, na kwa nyumba ya makumbusho hapa Lindi ambamo ndugu zake wadogo, yaani mifupa ya mijusi wengine wa Tendaguru, watangulie kuletwa.

Nisieleweke vibaya. Nazungumzia mjusi, tena huyo mkubwa tu, ambaye hata hivyo ameungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja na kujaziwa nakala. Mabaki ya binadamu yaliyochukuliwa enzi hizo ni jambo jingine kabisa. Hayo yarudi bila sharti, bila kusubiri jengo wala barabara. Na nyumba ikishajengwa Lindi, huenda nikarudi kwenye msimamo wangu wa zamani, maana sijaukana, nimeuahirisha.

Nilimsomea mjomba barua hii kabla ya kuituma. Ameikubali, ila anataka ieleweke kwamba malimbikizo yahesabiwe tangu mwaka 1909, si tangu 1937 aliposimamishwa, kwa kuwa waliombeba walianza kazi mapema.