Jibu: Bei ya jumla ya kubadilisha injini ya Premio

Salaam, ndugu. Umeuliza kama bei ya jumla uliyotajiwa na gereji kwa kubadilisha injini ya gari lako, Toyota Premio, ni ya haki. Bila mchanganuo, haipimiki. Kwanza dai kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwani huenda kilichoungua ni gasketi ya silinda hedi tu (kizibio kati ya kichwa cha injini na bloku), si injini nzima. Injini ikiwa kweli imekufa, ulizia mwenyewe bei ya nyingine Kisekka, soko la vipuri vya magari mjini Kampala, na kama inauzwa pamoja na waya, kompyuta na gia boksi, maana hapo ndipo bili huvimba baadaye. Ufundi, oili na raba zinazoshikilia injini viandikwe kando. Kabla ya kununua injini, mimi hufungua kifuniko chake cha oili nikitazama ndani yake: utando wa rangi ya chai ya maziwa ukiwepo, huenda maji yameingia kwenye oili, naiacha injini hiyo, hata muuzaji aape vipi. Namba ya injini mpya isajiliwe pia, usije ukakwama siku ya kuuza gari.