Matege na buti za skii: skrubu ya pembeni haitoshi

Ndugu, umesema una matege, fundi amekurekebishia skrubu ya pembeni ya buti, lakini skii, zile mbao za kutelezea thelujini, bado zinalalia ukingo wa nje na magoti yanakuuma jioni. Nami nina matege tangu utotoni, kwa hiyo hali hiyo naijua. Skrubu ile ina kazi yake, ila siyo hiyo unayoitegemea.

Skrubu hizo, usawa wa kifundo cha mguu, hushikilia sehemu ya juu ya buti inayokumbatia muundi. Ukizizungusha, sehemu hiyo huegemea nje au ndani. Sisi wenye matege tunahitaji iegemee nje, kwa kuwa muundi wetu umeelekea huko. Ikibaki wima, mguu unausukuma ukuta wa nje na skii inapinduka upande wa kidole kidogo. Toa buti la ndani, simama ndani ya ganda tupu, uhakikishe muundi una nafasi sawa kushoto na kulia. Basi. Pembe ya soli haijaguswa, na hiyo ndiyo inayoamua kama skii italala bapa juu ya theluji.

Lakini kabla ya soli, angalia unyayo. Watu wengi wenye matege hulaza unyayo kwa ndani ili kisigino na kidole gumba vifike chini sawasawa. Ukitengenezewa soli ya ndani yenye tao refu, gumu, linaloinua unyayo kwa nguvu, goti linasukumwa nje zaidi na matege yanaongezeka ndani ya buti. Hapa ndipo naona mafundi wengi wanapoharibu. Soli ya ndani iushike unyayo usiyumbe, isijaribu kuunyoosha.

Vikishakaa hivyo, ndipo upimwe. Vaa buti, funga bizimu zote, simama kwenye sakafu iliyo sawa, miguu upana wa nyonga, magoti yamekunjwa kidogo. Mtu mwingine ashushe timazi kutoka katikati ya pia ya goti. Usijipime mwenyewe, kwa sababu ukiinama tu goti linahama. Kwa mwenye matege uzi huangukia nje ya mstari wa katikati wa buti. Tunautaka uangukie juu ya mstari au ndani yake kidogo. Pima kila mguu peke yake, maana ni nadra miguu miwili kulingana.

Tofauti iliyobaki hurekebishwa kwa kuinamisha soli, na upande mnene unakuwa nje, penye kidole kidogo. Nje ikiinuka, buti linaegemea ndani na goti linafuata. Nyuzi 1 ya pembe (digrii) ni kama milimita 1.2 tu kwa upana wa soli, lakini mguu unaihisi mara moja: huhitaji tena kuvuta goti ndani kwa nguvu ili ukingo wa ndani wa skii ya nje ushike theluji kwenye kona. Maumivu yangu ya magoti yalipungua hapo, si kwenye skrubu. Kama yako yanauma hata ukitembea mtaani, muone daktari wa mifupa kwanza.

Usikubali soli ipigwe randa kisha urudishiwe buti hivyo hivyo. Kiwango cha kimataifa cha buti za skii, ISO 5355, kinataka unene wa takriban milimita 19 mbele na 30 nyuma mahali baindingi, yaani kifaa kinachofunga buti kwenye skii, inaposhika. Fundi anayejua kazi huongeza bamba chini, halafu huchonga ncha hizo zirudi kwenye kipimo. Buti zenye soli za kubadilisha, kama za GripWalk zinazorahisisha kutembea, zina utaratibu wao, kwa hiyo uliza mapema. Baadaye baindingi ipimwe upya kwa mashine, ijulikane kama bado inaachia buti inavyopaswa, ndipo upande mlimani.