Usianze na Nadal, anza na Ferrer

Kila kijana anayekuja kwangu kuanza tenisi ya mashindano huja na jina mdomoni. Zamani lilikuwa Nadal, siku hizi ni Alcaraz. Sina ubaya na majina hayo. Ila ukiniambia nikuchagulie Mhispania mmoja wa kumsoma mwaka wako wa kwanza, nitakupa David Ferrer, na nitakuomba univumilie kidogo kabla hujaenda zako kutafuta video za mwingine.

Ferrer ni mzaliwa wa Jávea, mji wa pwani katika jimbo la Alicante, Aprili 1982. Alicheza tenisi ya kulipwa kuanzia mwaka 2000 hadi Mei 2019. Katika miaka yote hiyo hakushinda hata moja kati ya yale mashindano manne makubwa: Australia, Roland Garros kule Paris, Wimbledon na US Open. Kimo chake ni mita 1.75, na bahati yake ikamtupa katika enzi moja na Federer, Nadal, Djokovic na Murray. Pamoja na hayo yote aliondoka na mataji 27, mechi 734 za ushindi, na Julai 2013 alikuwa nambari tatu duniani. Mkono wa kushoto wa Nadal hufundishwi na mtu yeyote. Miguu ya Ferrer, kwa sehemu kubwa, inafundishika, ndiyo maana nakuleta kwake.

Nianze na kitu ambacho wanaoanza hukidharau kuliko vyote: kurudisha mpira wa kuanzia. Wazazi huniomba niwaongezee watoto saa za kuanzisha mpira. Watoto wenyewe wakiachwa peke yao na ndoo ya mipira, utawakuta wanaanzisha mmoja baada ya mwingine mpaka ndoo iishe. Hajatokea mzazi wa kuniambia, "Kocha, mfundishe mwanangu kurudisha." Wakati hesabu iko wazi: karibu nusu ya gemu za mechi yoyote anaanzisha mpinzani wako. Mwenye mita 1.75 hawezi kushindana kwa kuanzisha na John Isner wa mita 2.08, basi Ferrer akajenga maisha yake upande wa pili wa hesabu hiyo, akawa mmoja wa warudishaji bora wa zama zake.

Mtazame kwa makini. Mpinzani anaporusha mpira juu, Ferrer anasogea hatua ndogo mbele. Raketi ya mpinzani inapogusa mpira, yeye ameruka kidogo na anatua kwa miguu miwili, magoti yamelegea, tayari kwenda upande wowote. Raketi yake haiendi nyuma sana. Anageuza mabega tu, kisha anausukuma mpira uende kwa kina, mara nyingi katikati, karibu na miguu ya aliyeanzisha. Si pigo la kupigiwa makofi. Lakini yule aliyeanzisha, aliyetarajia pointi ya bure, sasa analazimika kucheza mpira mgumu huku anarudi nyuma. Mpira wa tatu au wa nne, Ferrer ameshazunguka upande wake wa bekihendi (pigo la mgongo wa mkono) ili apige forihendi (pigo la kiganja), na kuanzia hapo mabadilishano ni yake.

Zoezi lake halina gharama. Mwenzako asianzishe kutoka mstari wa nyuma. Asogee mbele mpaka mstari wa boksi, yaani lile boksi ambalo mpira wa kuanzia hutakiwa kutua, akupigie kwa nguvu ya kawaida. Muda wako wa kuona mpira unapungua, na ile tabia ya kupeleka raketi nyuma mpaka begani inakufa yenyewe kwa sababu haina nafasi. Usihesabu ngapi umepiga vizuri. Hesabu ngapi zimevuka wavu na kutua nyuma ya boksi.

Kuna kisa cha ujana wake ambacho kimesimuliwa sana, na makocha wengine wanakipenda kupita kiasi. Akiwa chini ya Javier Piles, kocha aliyemlea na kukaa naye mpaka mwisho wa 2013, Ferrer alikuwa kijana wa hasira na uvivu wa vipindi. Akigoma kufanya mazoezi, Piles alikuwa akimfungia katika kichumba kidogo chenye giza walimokuwa wakiweka mipira. Nasema hili bila kuzunguka: kocha akikufungia chumbani, mwambie mzazi wako na utafute kocha mwingine. Ferrer kufanikiwa hakukifanyi kile kichumba kuwa mbinu ya ufundishaji. Watoto wangapi walitendewa hivyo na wakaacha mchezo? Hao hawahojiwi na magazeti.

Nusu ya pili ya kisa ndiyo ninayoipenda mimi. Akiwa na miaka kama 17 alitangaza kwamba tenisi basi, amechoka. Akaenda kufanya kazi ya ujenzi, kubeba matofali. Akakaa kama wiki moja, akarudi kwa kocha kuomba aanze tena. Hapo hakuna aliyemshika mkono. Alijua mwenyewe upande wa pili una nini, akachagua. Ukifika mahali unataka kuacha, na utafika, usigombane na watu wa nyumbani. Pumzika, fanya kitu kingine cha kweli, kisha uamue.

Sasa umri. Nina vijana wa miaka 18 wanaozungumza kama wazee waliopitwa na wakati kwa sababu kuna mwenzao aliyeshinda kitu kikubwa akiwa na umri wao. Ferrer alipata taji lake la kwanza la ngazi ya juu Bucharest mwaka 2002. Akapanda polepole mpaka 2007, mwaka aliomtoa Nadal katika US Open na kufika fainali ya Masters Cup, shindano la wanane bora la kufunga mwaka, kule Shanghai, akaufunga akiwa nambari tano. Watu wakadhani amefika. Mwisho wa 2009 alikuwa nambari 17. Wengi hapo ndipo wanapoanza kubadilisha makocha na raketi na hata chakula. Yeye alibaki na Piles, na mwaka uliofuata akamaliza wa saba. Taji lake la kwanza na la pekee la ngazi ya Masters 1000, ile inayofuata chini ya yale manne makubwa, alilichukua Paris mwaka 2012, akiwa na miaka 30, baada ya kushindwa fainali tatu za ngazi hiyo. Mwaka huo peke yake alishinda mataji saba.

Ngoja niwape kitu cha kiofisi kidogo, kwa sababu wanaoanza hawakijui na baadaye kinawaumiza. Pointi za orodha ya dunia haziongezwi tu juu ya zile ulizonazo. Zinaishi wiki 52, kisha zinafutika, na unachopata mwaka huu kinachukua nafasi ya ulichopata mwaka jana kwenye mashindano yaleyale. Mfano mzuri kuliko wote ni fainali ya Roland Garros ya 2013. Nadal alimfunga Ferrer 6-3, 6-2, 6-3. Jumatatu yake orodha ikatoka: Ferrer amepanda mpaka nambari nne, Nadal bingwa ameshuka mpaka nambari tano! Watu wakashangaa. Hesabu yake ni hii: Nadal alikuwa bingwa pia mwaka 2012, kwa hiyo pointi 2,000 zilifutika na 2,000 zikaingia, faida sifuri. Ferrer mwaka uliotangulia aliishia nusu fainali, pointi 720. Safari hii kufika fainali kulimpa 1,200. Akapata 480 za ziada kwa kushindwa.

Ndiyo maana nawaambia kila mmoja awe na daftari la kalenda, aandike wiki gani ana pointi zinazokaribia kufutika. Mtu asiyelijua hilo anashangaa kuporomoka nafasi nyingi ilhali "sijashindwa vibaya".

Kalenda ya Ferrer yenyewe ni somo. Yachambue mataji yake 27 utaona miji inajirudia: Auckland mara nne, Acapulco mara nne, Buenos Aires mara tatu mfululizo, Valencia mara tatu, Båstad mara tatu. Hiyo ni miji mitano, mataji 17. Hakuwa mtu wa kukimbilia kila mahali penye jina kubwa. Alijua ni wapi mpira unadunda anavyotaka, akarudi mwaka baada ya mwaka. Na msidhani ni viwanja vya udongo tu. Acapulco alishinda mara tatu kwenye udongo, 2010 hadi 2012, waandaaji wakabadilisha viwanja kuwa vigumu, naye akashinda tena mwaka 2015. 's-Hertogenbosch kule Uholanzi alishinda mara mbili kwenye nyasi. Mhispania wa udongo anayeshinda kwenye nyasi si mtu wa kupuuza. Kwenu ninyi mnaoanza, maana yake ni nyepesi: nauli ni chache, msizimalize kwenye shindano la mbali lenye washiriki wakubwa ambalo mtatolewa raundi ya kwanza asubuhi. Tafuteni mashindano mnayoweza kucheza mechi tatu au nne. Kiwango kinajengwa na mechi.

Nije kwenye kushindwa. Ferrer alikutana na Federer mara 17. Akashindwa zote 17. Nadal walikutana mara 32, akamfunga sita. Mchezaji mwingine angeishi akiwaza namna ya kumfunga Federer, asilale. Lakini kufika nambari tatu duniani hakukumtaka amfunge Federer. Kulimtaka asipoteze kwa walio chini yake, na hilo alilifanya kwa uaminifu unaochosha hata kuuangalia: kuanzia Australia 2012 hadi Ufaransa 2014 alifika robo fainali ya kila shindano kubwa, mara kumi mfululizo. Kwa hiyo kama klabuni kwako kuna mmoja asiyekamatika, mwache kwanza. Angalia wale sita unaowafunga leo na kufungwa nao kesho. Hao ndio kazi yako ya mwaka huu.

Kuna kushindwa kwake kumoja ninakokurudia kila mara na vijana. Fainali ya Miami, 31 Machi 2013, dhidi ya Murray. Seti ya tatu, Ferrer yuko mbele 6-5 na ana pointi moja tu ya kuwa bingwa. Katikati ya mabadilishano Murray anapiga forihendi inayotua nyuma kabisa karibu na mstari. Ferrer anasimama, anainua mkono, anaomba kamera ziamue. Picha inaonyesha mpira umegusa mstari kwa unyuzi. Pointi ya Murray. Gemu ikaenda, wakaingia kwenye taibreki, ile gemu ya kuamua seti inapokuwa 6-6, na Ferrer akaambulia pointi moja kwa saba.

Kwenye mashindano yenu ya vijana hakuna kamera, na mara nyingi hakuna hata mwamuzi kwenye kiti. Ninyi wenyewe mnaita mistari ya upande wenu. Kanuni inasema mpira unaoutilia shaka ni mzuri. Nataka muizoee kwa sababu ya uungwana, ndiyo, lakini pia kwa faida yenu: mchezaji aliyezoea kuucheza kila mpira wa mashaka haachi miguu isimame kwenye pointi ya ubingwa. Na muone alichofanya baadaye. Miezi miwili tu mbele alikuwa Roland Garros, akafika ile fainali niliyoitaja bila kupoteza hata seti moja.

Mengine nitayapita haraka. Kuhusu fedha: waliokaa kileleni kama yeye walilipwa vizuri, walio nje ya mia ya kwanza wengi wanahangaika, kwa hiyo shule msiiache. Kuhusu timu ya taifa: alikuwemo Uhispania iliposhinda Davis Cup, kombe la dunia la timu za taifa, 2008, 2009 na 2011, na baada ya kustaafu akawa mkurugenzi wa mashindano ya Barcelona, kisha nahodha wa timu hiyohiyo. Wanaomjua walimwamini, na kuaminiwa huko kulianza akiwa bado anacheza.

Ukitaka mechi moja tu ya kutazama, tafuta robo fainali ya Davis Cup ya Aprili 2018, Uhispania na Ujerumani. Inachezwa Valencia, kwenye uwanja wa kupigania mafahali, juu ya udongo. Matokeo ni 2-2 na mechi ya mwisho ni ya Ferrer, siku chache baada ya kutimiza miaka 36, dhidi ya Philipp Kohlschreiber. Walicheza saa nne na dakika 51. Ilimalizika 7-6, 3-6, 7-6, 4-6, 7-5. Usiitazame yote kwa mkupuo. Nenda moja kwa moja seti ya tano, zima sauti, na kwa gemu tatu usiufuate mpira. Fuata miguu ya Ferrer peke yake: anatua lini, anarudi katikati kwa hatua ngapi, anafanya nini pointi inapokuwa imekwisha na mwenzake ameinama kushika magoti. Andika unachokiona, kisha uje nacho mazoezini Jumatatu. Tutaanza na kurudisha, mstari wa boksi, bila kuhesabu pointi.