Kabla ya kuvuka mwamba, yatazame mawimbi na si mbingu peke yake

Wageni wengi wa visiwa vya ukanda wa joto huamua kama waende baharini au wabaki kwa kutazama mbingu. Kwa muda wote ambao nimesafiri kwa boti ndogo kati ya visiwa vilivyozungukwa na miamba ya matumbawe, nimeona kwamba mbingu haitoshi. Wingu jeusi na radi humrudisha kila mtu pwani. Kinachonitia hofu zaidi ni mawimbi marefu yanayowasili siku ya jua kali, pasipo upepo, yakiwa yamezaliwa na dhoruba iliyo umbali wa maelfu ya kilomita. Mwezi Mei 2007, mawimbi ya namna hiyo yaliyotoka kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi yalikipiga kisiwa cha Réunion, na siku chache baadaye yakafurika katika visiwa vingi vya Maldivi, ambako hapakuwa na kimbunga chochote.

Kwa hiyo unaposoma utabiri, usiishie kwenye kimo cha wimbi. Tazama pia ni sekunde ngapi zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Mawimbi ya mita moja na nusu yanayofuatana kila baada ya sekunde 6 ni kazi ya upepo wa karibu, na usumbufu wake ni wa kulowana. Ya kimo hichohicho yakija kila baada ya sekunde 15 yamebeba nguvu kubwa zaidi, na yakifika kwenye maji machache juu ya mwamba huinuka ghafla na kuvunjika. Isitoshe, kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, hivyo wimbi mojamoja laweza kukaribia maradufu yake.

Mahali panapodai subira kuliko pote ni mlango wa mwamba, yaani upenyo katika matumbawe ambao boti hupitia. Maji yanapokupwa, hutoka kwa kasi kupitia upenyo huo, na yakikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Asubuhi moja nahodha wetu alipunguza mwendo wa mashine karibu na mlango, akakaa kimya akiyatazama maji, huku abiria wakinung'unika kwamba njia ilikuwa wazi. Ilikuwa wazi kweli, kwa dakika kadhaa. Kisha yakaja mawimbi manne mfululizo yaliyoujaza upenyo povu kutoka ukingo hadi ukingo. Mawimbi marefu huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hutulia kwa muda unaotosha kumdanganya mwenye haraka. Mimi hutazama kwa dakika 20 hivi, na zaidi wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mikondo inapokuwa na kasi.

Waogeleaji nao hudanganywa vilevile: ukanda wa maji tulivu kati ya mawimbi yanayovunjika mara nyingi ndiyo njia ya mkondo unaovuta kuelekea bahari kuu. Ukikuchukua, usishindane nao. Elea, inua mkono kuomba msaada, na ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mvuto wake.

Kuhusu vimbunga, ambavyo ni nadra kuzaliwa karibu sana na ikweta, onyo la mamlaka ya hali ya hewa hutangulia, nami sina la kuongeza ila moja. Kitovu cha kimbunga kikipita juu ya kisiwa, upepo hukoma na jua laweza kuonekana. Usitoke kukagua paa wala boti, kwa sababu muda si mrefu upepo utarudi kutoka upande wa pili, ukiwa mkali kama ulivyokuwa. Ndiyo maana boti iliyofichwa kwenye ghuba yenye kinga upande mmoja tu inapaswa kufungwa kwa kamba za pande zote, na kazi hiyo ifanyike kabla upepo wa kwanza haujaanza.