Hiyo plasta isubiri kwanza

Mwanangu Mwanaisha,

Baada ya salamu. Sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza mara mbili, na picha za dari nimezitazama hadi nikaenda kutafuta miwani. Wasema ile nyumba mliyonunua Tudor, hapa Mombasa, imeanza kudondosha vipande vya slabu, ile dari ya zege, chumbani kwa watoto, vyuma vimetokeza vikiwa na kutu, na fundi ameahidi plasta, niru ya kulainisha na rangi kwa siku nne, kazi kwisha. Wauliza mumpe au msimpe.

Msimpe. Na watoto wahamie chumba kingine leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Slabu ya nyumba yetu ya Likoni tuliimwaga mwaka 1996. Babako alikuwa melini, niliyesimama pale na buibui langu na mwavuli ni mimi. Mifereji ya bomba ilikuwa imekauka wiki nzima, wenye mikokoteni wamepandisha bei ya maji, na fundi akaniambia, "Mama, maji ni maji," akashusha ndoo kisimani. Niliyaonja. Yalikuwa na chumvi ya kutosha kupikia wali. Nikanyamaza, tena nikajiona hodari, nimeokoa pesa za mumewangu.

Miaka kumi baadaye, jioni ya Ramadhani, mkeka umetandikwa na adhana bado, pande la dari likaanguka juu ya sinia. Wewe wakumbuka viazi vya karai vilivyomwagika. Mimi nakumbuka kwamba ulikuwa umekaa papo hapo, na ulikuwa umeinuka tu kwenda kunawa.

Tukafanya hayo hayo anayotaka kufanya fundi wako. Plasta mpya ikakaa kama mwaka na nusu, ikaanguka. Tukapiga tena, ikaanguka tena, na safari hii pembeni yake pakavimba. Hapo ndipo tulipomwita mhandisi, mzee mmoja mpole, akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingelia.

Chuma kikiwa ndani ya zege nzuri hakishiki kutu, kwa sababu saruji ina ukali wake unaokifunika kama ngozi. Chumvi ikifika, ile ngozi hutoboka. Kutu nayo haikai kimya: huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya kile chuma ilichokila, kwa hivyo husukuma zege kutoka ndani hadi ipasuke. Ufa ukishafunguka, hewa ya bahari na unyevu huingia kwa raha zao. Sasa ukipiga plasta juu, umekivisha kidonda kanzu.

(Ndiyo maana hawa wanaosema "mbona Fort Jesus imesimama tangu 1593" hunichekesha. Ngome ile ya kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Kutu ingekula nini?)

Fanya hivi. Chukua nyundo ndogo, upande ngazi, ugonge dari yote, vyumba vyote, pole pole, ukianzia mbali na pale palipopasuka. Palipo pazima patalia kavu, ko, ko. Palipoachana patalia kama mtungi mtupu. Piga mviringo kwa chaki kila panapolia hivyo. Usistaajabu ukiona michoro ni mingi kuliko mashimo. Angalia pia juu ya chumba hicho kuna nini. Nikiangalia picha yako ya tatu, ile rangi ya kahawia iliyotambaa ukutani, naona bafu linavuja. Kama ni bafu, bomba litengenezwe kwanza, la sivyo mwaitia maji kazi mpya.

Kisha mwite mhandisi aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya, si binamu ya fundi. Yeye ndiye wa kusema kama pabomolewe sehemu tu au kipande chote cha slabu kimwagwe upya. Swali hili usiliache kwa anayelipwa kwa mita za plasta. Chumvi ikiwa imeenea mle, ukiziba hapa kwa zege mpya, kutu huhamia ukingoni mwa kiraka. Lile vimbe la pembeni kwetu Likoni ndilo hilo.

Ikiwa ni kiraka, simama uangalie mambo haya. Slabu itegemezwe kwa miti kabla tindo halijagusa kitu. Zege mbovu itolewe hadi nyuma ya chuma, kidole kiweze kupita, kwa sababu fundi wengi husafisha tumbo la chuma na kuuacha mgongo ukiwa na kutu. Chuma kisuguliwe kwa brashi ya waya hadi king'ae. Kilicholiwa sana kiongezewe kingine pembeni, kipishane nacho kwa urefu atakaoutaja mhandisi. Ndipo pajazwe.

Na kwa kujaza, maji yawe ya mfereji, au ya kununua, hata kama mkokoteni utakuuzia kwa bei ya dhahabu. Mchanga wa ufuoni usiingie kwako. Ukiona vigamba vya chaza ndani, rudisha lori. Onja chembe chache kwa ulimi. Fundi watakucheka, waache wacheke. Zege isiwe uji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hautaki zaidi ya lita 25 hivi za maji, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Fundi hupenda uji kwa sababu humwagika wenyewe, lakini yale maji ya ziada yakikauka huacha vinjia, na chumvi hupita humo humo. Chuma kifunikwe kwa zege ya milimita 40 si pungufu, maana hapo Tudor hori la bahari liko mlangoni. Ikishakaza, mumwagilie na kuifunika kwa magunia mabichi siku saba, zaidi kama upepo wa kaskazi unavuma. Na maji ya kumwagilia pia yasiwe ya kisima. Hapo ndipo watu husahau.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Katika ile sauti ulipitisha haraka haraka kwamba mumeo ataka kuweka tangi la lita 5,000 juu ya dari hiyo. Mwanangu, hizo ni tani tano. Mwambie mkwe wangu kwa heshima zote tangi likae chini uani, juu ya kitako cha zege chenye msingi wake, na pampu ipandishe maji kwenye tangi dogo atakalolikubali mhandisi, mahali atakapoonyesha.

Jumamosi navuka na feri ya asubuhi. Nyundo ninayo, chaki niwekee. Fundi ameomba malipo ya mbele kiasi gani? Usimpe kitu mpaka nifike.

Mamako